NYUMBA IKAGULIWE: Neno kwa Kila Aliye na Mzazi Mzee



Neno la leo ni refu kuliko kawaida yetu. Kama uko kwenye matatu unatoka Malindi kwenda Kilifi, muda unao. Kama uko dukani na wateja wanakungoja, lihifadhi ulisome jioni. Ila usilipite, hasa kama bado una mama au baba aliye hai.

Miezi michache iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alinifuata baada ya ibada, simu mkononi, macho mekundu. Mama yake yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Alikwenda huko kwa kijana wake kulea wajukuu, wakamzoea, akabaki. Kisha akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapoteza nguvu. Kijana na mkewe wote ni watu wa kazi, mmoja mchana, mwingine usiku. Hospitali ikawaambia kwamba mama hawezi kuachwa peke yake hata saa moja. Ikabidi watafute nyumba ya kumtunza.

Grupu ya familia kwenye WhatsApp ikawaka moto. Wajomba wa Ganze wakasema hiyo ni laana. Dada wa Mombasa akasema hawe arudishwe nyumbani mara moja, lakini hakusema atakaa kwa nani. Yule kijana akatuma kiungo cha tovuti ya serikali ya huko chenye rekodi ya ukaguzi wa nyumba aliyoipata, akaandika, "Someni kwanza, ndipo mnihukumu." Hakuna aliyesoma. Waliona Kiingereza kigumu, herufi na namba, wakarudi kwenye ugomvi.

Yule dada akaniambia, "Pasta, wewe umesoma chuo. Hebu tuangalilie, halafu utuombee."

Nakiri mbele yenu kwamba mimi ni mmoja wa waliohubiri, kwenye madhabahu na kwenye ukurasa huu, kwamba anayempeleka mzazi nyumba ya wazee ameivunja amri ya tano. Nilisema kwa sauti kubwa na mkapiga makofi. Lakini nilikuwa sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja unaoeleza kinachofanyika ndani ya nyumba hizo. Nilihukumu nisichokijua. Kwa hiyo nikakubali kusoma. Nilisoma usiku tatu, kamusi pembeni. Leo nataka nikupe nilichokipata, kwa sababu ukurasa huu unasomwa na watu wetu walio Doha, London, Boston na Minneapolis, na wengi wenu mtaulizwa swali hili.

KWANZA, TUELEWANE KUHUSU NYUMBA YENYEWE

Huku kwetu ukisema "nasingi homu" watu hufikiria hospitali ndogo ya kujifungulia. Huko Marekani jina hilo ni la nyumba ambamo wazee na wagonjwa wa muda mrefu huishi, wakilishwa, wakioshwa, wakipewa dawa na kuhudumiwa na wauguzi usiku na mchana. Nyingi hupokea pesa za serikali kwa ajili ya wakazi wake. Kwa kuwa zinapokea pesa hizo, serikali ina haki ya kuingia na kuangalia.

Sheria kubwa ya jambo hili ilipitishwa mwaka 1987. Inasema wakaguzi lazima waingie angalau mara moja katika kila miezi 15, na waje bila kutoa taarifa. Hakuna kupiga simu ya "tunakuja Jumanne." Mtu akivujisha siku ya ukaguzi anaweza kutozwa faini. Nje ya ukaguzi huo wa kawaida, wakaguzi huja pia mtu akipeleka malalamiko, awe mkazi, mwana wa mkazi au mfanyakazi.

Wakishaingia hawakai ofisini kunywa chai na meneja. Wanazunguka vyumba, wanawauliza wazee, wanaangalia chakula, wanamtazama nesi akigawa dawa, wanafungua mafaili. Kila wanapokuta sheria imevunjwa, wanaiandika kama kasoro, na kila kasoro ina namba yake. Kwa mfano F600 ni kuhusu kumkinga mkazi asidhulumiwe wala kupuuzwa. F686 ni vidonda vya kulalia. F689 ni ajali na usimamizi, kama mzee kuanguka. F725 ni uhaba wa wauguzi. F880 ni kuzuia maambukizi. Majina ya wazee hayaandikwi. Utasoma tu "Mkazi wa 1", "Mkazi wa 2".

Zote huandikwa kwenye fomu iitwayo 2567. Upande wa kushoto ni yale waliyoyakuta wakaguzi, upande wa kulia nyumba inaandika jinsi itakavyorekebisha na kufikia lini. Kisha inathibitishwa kama marekebisho yamefanyika, mara nyingi kwa wakaguzi kurudi. Nyumba ikikaidi hupigwa faini, au hukatazwa kulipwa kwa wakazi wapya, au mwisho kabisa huondolewa kwenye mpango wa serikali.

MUNGU ALITANGULIA

Nilipofika hapo nikashtuka, kwa sababu niliona nimewahi kuisoma habari hii. Fungua Biblia yako, Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Hicho ni kifungu ambacho wengi wetu tunakiruka kwenye mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka.

Mungu anazungumza habari ya nyumba iliyopata pigo ukutani, mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ndani. Angalia hatua zenyewe. Mwenye nyumba anakwenda kwa kuhani kutoa taarifa. Kuhani anaagiza vyombo vitolewe nje, ndipo anaingia na kukagua. Akiona pigo, anaifunga nyumba siku saba. Siku ya saba anarudi. Kama limeenea, mawe yenye pigo yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, mawe mapya yanawekwa, nyumba inapigwa lipu upya. Kisha kuhani anarudi tena. Kama pigo limerudi, nyumba inabomolewa. Kama halikuenea, anaitangaza kuwa safi.

Mpendwa, hii ni taarifa, ukaguzi, kasoro kuandikwa, kurekebisha, kurudiwa, na hukumu. Mungu aliweka utaratibu huo zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na mkaguzi alikuwa mtumishi wa madhabahu. Kuhani hakuambiwa asimame mlangoni aombe kisha aondoke. Aliambiwa aingie aangalie ukuta.

Lishike neno hilo, nitalirudia.

JINSI YA KUISOMA REKODI

Kama ndugu yako huko ng'ambo anatafuta nyumba, mwambie afungue tovuti ya serikali iitwayo Care Compare. Ni bure. Kisha fanyeni hivi pamoja.

1. Usiishie kwenye nyota. Kila nyumba hupewa nyota 1 hadi 5. Nyota hizo zimejengwa juu ya mambo matatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Baadhi ya vipimo hivyo vya ubora hutokana na taarifa ambazo nyumba yenyewe imejaza, kama mwanafunzi anayejisahihishia sehemu ya mtihani. Nazo nyota za ukaguzi hupimwa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: karibu asilimia 10 za juu hupata nyota 5, na asilimia 20 za mwisho hupata nyota 1. Kuwa namba moja darasani ni vizuri, lakini inategemea darasa lenyewe.

2. Tafuta herufi. Kila kasoro ina herufi kuanzia A hadi L, na hapo ndipo uzito wake ulipo. A, B na C ni madogo sana. D, E na F maana yake hakuna aliyeumia, lakini angeweza kuumia. G, H na I maana yake kuna mtu ameumia kweli. J, K na L maana yake maisha ya watu yalikuwa hatarini wakati ule ule. Na katika kila kundi, herufi ya kwanza ni tatizo la mtu mmoja au wachache, ya pili ni tatizo linalojirudia, ya tatu limeenea nyumba nzima. Kwa hiyo nyumba yenye kasoro kumi za D inaweza kuwa salama kuliko nyumba yenye kasoro mbili tu, moja ikiwa J.

3. Soma maneno yenyewe. Namba haikuambii habari ya mtu. Maneno ndiyo yanayosema kwamba Mkazi wa 4 alibonyeza kengele akakaa muda mrefu bila kujibiwa, au kwamba kidonda kilionekana siku fulani na daktari hakuambiwa hadi siku nyingine.

4. Angalia tarehe, na angalia yanayorudi. Kasoro iliyoandikwa mara moja ikarekebishwa ni kitu kimoja. Kasoro ile ile mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi ni pigo lililorudi ukutani baada ya lipu.

5. Angalia alama za hatari. Tangu Oktoba 2019 tovuti hiyo huweka alama ya mkono mweupe ndani ya duara jekundu kwa nyumba iliyoandikiwa kosa la kudhulumu wakazi. Pia kuna pembetatu ya njano kwa nyumba zenye historia mbaya ambazo ziko chini ya uangalizi maalum. Ukiiona mojawapo, simama.

6. Usiogope rekodi yenye kasoro, wala usiilewe rekodi safi. Hii ilinichukua muda kuikubali. Nyumba isiyo na kasoro hata moja si ya kawaida, kwa sababu wazee ni wengi, kazi ni ngumu na wanadamu huteleza. Uliza walifanya nini baada ya kuambiwa. Na ukaguzi ni picha ya siku chache tu. Yanayotokea saa nane usiku mwezi mmoja baadaye hayamo kwenye picha.

7. Kwa hiyo nenda mwenyewe. Nenda jioni wakati wa chakula, nenda Jumapili, nenda bila kutangaza. Nusa hewa. Sikiliza kengele inalia muda gani. Omba kuona ripoti ya mwisho ya ukaguzi, kwa sababu sheria inaitaka nyumba iiweke mahali ambapo wakazi na jamaa zao wanaifikia bila kuomba ruhusa. Meneja akikasirika kwa kuulizwa, umeshajifunza jambo.

Ujue pia kwamba kila jimbo la Marekani lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, na huduma yake haina malipo. Kwa walio Uingereza, shirika linaloitwa CQC hukagua nyumba za wazee na kuzipa daraja moja kati ya manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, na isiyotosha. Nyumba hulazimika kubandika daraja lake waziwazi, kama hoteli yetu inavyobandika leseni ya afya ukutani.

TULICHOKIKUTA

Tulikaa na yule dada na mdogo wake ofisini, kijana akiwa kwenye simu kutoka Minnesota. Nyumba aliyokuwa ameipenda ilikuwa na nyota 4, picha nzuri, maua mlangoni. Tulipofungua ripoti ya malalamiko ya karibuni tukakuta F686, herufi G. Mzee mmoja alikuwa amepata kidonda cha kulalia kwenye kisigino kwa sababu hakugeuzwa jinsi ilivyoandikwa kwenye faili lake. Karatasi ilionyesha amegeuzwa. Kisigino kilionyesha hakugeuzwa.

Nyumba ya pili ilikuwa na nyota 3 na kasoro nyingi zaidi. Lakini zote zilikuwa D na E: jokofu halikuandikwa joto lake, nesi hakunawa mikono kati ya wagonjwa wawili, chakula kilifika kimepoa. Mwaka uliofuata hakuna hata moja iliyorudi.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Nesi wa kule kwenye nyota 4 alikuwa mpole sana kwangu." Dada yake akamjibu, "Alikuwa mpole kwako. Mama ndiye atakayelala pale."

Waliomba, wakaenda kuiona ile nyumba ya pili mara mbili bila kutangaza, wakampeleka mama huko. Siwezi kukuambia kwamba kila kitu ni shwari. Mama analia akiwakumbuka watu wa nyumbani. Lakini sasa kila Jumapili wanampigia simu ya video, na baada ya kumsalimia, yule dada humwambia kaka yake, "Nionyeshe visigino."

SASA TURUDI KWETU

Neno hili lingeishia hapo lingekuwa rahisi kwangu. Lakini niliposoma habari ya kile kisigino, Roho Mtakatifu alinikumbusha mzee mmoja.

Ni miaka kadhaa sasa. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mwimbaji, mtu wa maombi ya alfajiri. Aliugua akalala kitandani, nyumbani kwa mwanawe upande wa Magarini. Nilimtembelea mara tatu. Chumba kilikuwa na giza na harufu. Mara zote tatu niliomba nikiwa nimesimama karibu na mlango. Nilikemea pepo la magonjwa. Tulipeleka mkate, sukari na unga, tukapiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa huu huu, na mkaandika Amina nyingi.

Mara ya nne nilifuatana na dada wa kanisa ambaye ni nesi. Yeye hakusimama mlangoni. Alikaa kitandani, akamsalimia baba, akaomba ruhusa, akafunua shuka. Nyongani palikuwa na kidonda ambacho sitakieleza hapa. Kilikuwepo siku zote nilizoomba. Mzee wetu alilala usingizi wa mauti wiki chache baadaye.

Mkaza mwana wake hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wadogo watatu, maji ya kuchota mbali, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mtu asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Aliyekuwa na wajibu wa kuukagua ukuta alikuwa mimi. Kama wale wakaguzi wangeingia chumba kile, wangeandika F686, herufi G. Na kwenye safu ya kulia, mahali pa kurekebisha, mimi ningeandika nini? "Tuliomba"?

Nasikia mtu anasema, "Pasta, sisi hatuna nyumba za wazee, sisi tunatunza wenyewe." Ndiyo, na Mungu abariki kila mkono unaomlisha mzazi. Lakini kumweka mzazi nyumbani si ushahidi kwamba anatunzwa. Nyumba yako haina mkaguzi wala fomu. Mlango ukifungwa, hakuna anayejua.

Na sisi wa Kilifi tuna aibu nyingine ambayo lazima tuitaje. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliokimbia wana wao wenyewe wamepewa hifadhi. Hebu fikiria: mzee anakimbia nyumba ya mwanawe ili aishi! Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Imeandikwa vizuri. Nani anaingia ndani kuangalia?

Wala tusidhani kwamba jengo lenye ishara ya huduma linatosha. Mwaka 2023 kamera ya siri ya BBC Africa Eye ilionyesha wazee wakidhulumiwa na kupuuzwa katika nyumba ya kutunzia wazee nje kidogo ya Nairobi. Mwaka huo huo, hapa kwetu Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Ilikuwa imeitwa kanisa. Watu waliogopa kuuliza, kwa sababu kumuuliza mtumishi kulihesabiwa kuwa ukosefu wa imani. Tangu siku hiyo, mchungaji yeyote wa Kilifi anayekataa kukaguliwa hana la kuniambia.

KWA WALIO KAZINI HUKO

Wengi wenu mnaosoma haya mnafanya kazi katika nyumba hizo. Mnawaosha wazazi wa watu wengine ili mlipe karo za wadogo zenu hapa Malindi. Mungu anaona mgongo wako unavyouma. Nina ombi moja: usiandike kwamba umemgeuza mzee kama hukumgeuza. Najua wafanyakazi ni wachache na zamu ni ndefu. Waambie wakubwa wako kwamba hamtoshi, na wakipuuza, mkaguzi akija mwambie ukweli. Sahihi yako ya uongo ndiyo inayomnyima mzee yule msaada, maana karatasi ikisema yuko sawa hakuna atakayemtazama.

TUTAFANYA NINI?

Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imetengwa kwa Mungu, kisha wakaacha kuwasaidia baba na mama. Kwa hiyo sitaki sadaka yako ya ujenzi kama baba yako amelala kwenye godoro lenye mkojo. Nunua godoro kwanza. Nimesema mimi mchungaji wako, na wazee wa kanisa wanajua.

Kanisani kwetu tumebadilisha jinsi ya kutembelea wagonjwa. Hakuna picha. Tunakwenda wawili wawili, mmoja akiwa na ujuzi wa uuguzi inapowezekana, na kwa mama tunamtuma mama. Kabla ya kuomba tunakaa na kuangalia, kwa ruhusa na kwa heshima: Amekula nini leo, na maji ya kunywa yako karibu na mkono wake? Ngozi ya nyonga, mgongo na visigino ikoje? Dawa zipo, na nani anampa? Kama anapata zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, zinamfikia? Anaogopa mtu yeyote? Swali hili la mwisho tunamuuliza akiwa peke yake. Kisha tunamuuliza anayemtunza, "Na wewe, umelala lini?" Tunaandika kwenye daftari, tunaandika tutakachofanya, na tunarudi siku ya saba. Ndiyo, siku ya saba, kama Walawi.

Mwezi wa kwanza tulikuta mambo mengi. Daftari lilijaa kasoro, na ndugu mmoja akaniambia linaliaibisha kanisa. Nikamwambia aibu ilikuwepo kabla ya daftari. Sasa tumeweza kuigusa. Mama mmoja amepata godoro, mwingine tumempunguzia mzigo kwa zamu za mabinti wa kwaya, na baba mmoja alituambia neno lililotufanya twende kwa chifu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpendwa, fanya jambo moja wiki hii. Kama mzazi wako yuko ng'ambo, soma rekodi ya nyumba yake, maneno yenyewe, na usiishie kwenye nyota. Kama yuko kijijini, nenda bila kutangaza, na usiketi sebuleni tu. Kama yuko nyumbani kwako, mwalike mtu unayemwamini aje aangalie anavyoishi, na akikuambia kasoro usimfukuze. Na kama wewe ni mtumishi mwenzangu, ingia chumbani.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, utusamehe tulioomba mlangoni. Utupe macho ya kuona ukuta na moyo wa kukubali tulichokiona. Mkumbuke mama yetu aliye Minnesota na kila mzee aliye mbali na kwao. Walinde wazee wa Kilifi na mikono ya wana wao. Uwatie nguvu wote wanaowageuza wazee usiku huu, hapa na ng'ambo, ambao hakuna anayewaona. Tukague na sisi, Bwana, na ukituonyesha pigo, tusipake lipu juu yake. Amina.

Kama una mzazi anayehitaji kutembelewa na timu yetu, usiandike habari zake hapa chini mbele ya watu. Nitumie ujumbe wa faragha. Na kama umeguswa, usiandike Amina tu. Niandikie umekwenda lini na umekuta nini.

Mchungaji wenu katika Kristo.